Kitambaa Kilichonyweshwa Resini: Historia Iliyosimuliwa Upande Mmoja

Vipo vitu vinavyoundwa kwa kulaza tabaka za kitambaa ndani ya kalibu, kuzinywesha resini na kuziacha zigande mpaka ziwe gamba moja gumu: ubavu wa boti, bawa la ndege, panga la mtambo wa upepo, bodi ya gari la mashindano. Wataalamu huviita maunzi mseto. Historia yake kila inapoandikwa huandikwa kama nasaba ya nyuzi: kioo kilizaliwa kwanza, kaboni ikafuata, na kila uzi mpya ukawapita wenzake kwa nguvu na wepesi. Nasaba hiyo si ya uongo, ila imemsahau mzazi mmoja. Mtu akiifuatilia kazi hii tangu mwanzo wa karne ya 20 ataona kwamba mara nyingi ilipokwama, ilikwama kwenye resini: imeingia kiasi gani, imefika wapi, imeushika uzi au imeuzunguka tu, imeiva au haikuiva. Na iliposonga mbele, ilisonga kwa sababu kuna watu waliojifunza kuipima resini hiyo. Jambo hili linaweza kuonekana la wakemia peke yao. Kwa nchi zinazolima nyuzi, Tanzania na Kenya zikiwemo, ndilo linaloamua kama mkonge una nafasi katika viwanda vya leo au hauna.

Resini zenyewe si ngeni katika pwani ya Afrika Mashariki. Katika karne ya 19 sandarusi iliyochimbwa ardhini pande za Bagamoyo, Rufiji na Kilwa ilipitia Unguja na kupakiwa merikebuni kwenda Salem, Massachusetts, na Hamburg, ambako iliyeyushwa kuwa vanishi ya fanicha na ya magari ya farasi. Viwanda vya wakati ule viliishi kwa resini za asili za namna hiyo, pamoja na shelaki ya India iliyotumika kukinga nyaya za umeme. Shelaki ilikuwa ghali, na ikipata joto hulainika. Mwaka 1907 Leo Baekeland, mkemia mzaliwa wa Ubelgiji aliyekuwa na maabara nyumbani kwake Yonkers, karibu na New York, alikuwa akitafuta mbadala wake. Alichanganya fenoli na fomaldehaidi chini ya joto na shinikizo, akapata kitu ambacho kikishaiva hakiyeyuki tena. Dunia ikakumbuka jina la Bakelite na swichi zake nyeusi. Mimi naona kilicho kikubwa zaidi ni maelezo aliyoyatoa alipotangaza ugunduzi wake mwaka 1909, kwamba resini hiyo hupita hatua tatu, akaziita A, B na C. Katika A huyeyuka na hupenya popote. Katika C ni jiwe. Katika B imeshakauka mkononi lakini haijaiva. Ukiipasha moto hulainika kwa muda mfupi, kisha hugeuka C na hairudi nyuma. Hatua hiyo ya katikati ilitenganisha kazi mbili zilizokuwa moja, kunywesha kitambaa na kukiumba. Anayenywesha aweza kuwa mji huu na anayeumba mji ule, na kitambaa kikasafiri baina yao kikiwa tayari kimebeba kipimo chake. Hadi leo, zaidi ya miaka mia moja baadaye, mafundi wa kazi hii bado wanaitaja hatua ya B kwa herufi ileile.

Viwanda vya umeme vya Marekani vilitambua faida yake mapema. Kampuni ya Westinghouse ilipitisha karatasi na turubai katika vanishi ya Bakelite, ikazikausha, ikazipanga tabaka kwa tabaka na kuzibana katika mashine ya joto. Zao hilo liliitwa Micarta. Mhandisi wake Daniel O'Conor aliondoka mwaka 1913 pamoja na Herbert Faber, wakaanzisha Cincinnati kampuni ya Formica, wakikusudia kuchukua nafasi ya mika, madini yaliyokuwa yakikinga umeme katika mitambo. Gia zilizochongwa kutoka katika turubai lililobanwa hivyo zilitiwa ndani ya injini za magari kwa kuwa hazikupiga kelele kama za chuma. Tarehe hizi ziangaliwe vizuri. Ni karibu miaka 20 kabla ya uzi wa kioo kuanza kutengenezwa kwa wingi. Nyuzi zilikuwa za karatasi na pamba, dhaifu mno kwa vipimo vya sasa, na bado vitu vilivyotoka vilihimili meno ya injini kwa miaka. Vilihimili kwa sababu resini ilipimwa, kitambaa kilikaushwa kabla, na mashine ya kubana ilifukuza hewa.

Mfano unaonipendeza kuliko yote ni wa Duxford, kijiji cha Uingereza kilicho karibu na Cambridge. Mwanafizikia Norman de Bruyne alianzisha huko kampuni ya Aero Research mwaka 1934. Alichukua nyuzi za kitani, akazilaza sambamba, akazinywesha resini ya fenoli na kuzibana kwa joto. Maunzi hayo, aliyoyaita Gordon Aerolite, aliyaeleza hadharani mwaka 1937 kama kitu cha kuundia ndege. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza na Uingereza ikahofia kuishiwa aluminiamu, kiwiliwili cha ndege ya Spitfire kilitengenezwa kwa majaribio kwa kitani hicho. Aluminiamu haikuisha, na mpango ukawekwa kando. Kwa hiyo tusiseme kwamba uzi wa mmea ulipelekwa angani ukashindwa. Uliachwa kwa sababu haja iliyouleta iliondoka. Na tazama kampuni yenyewe ilivyoendelea. Kitani kilikwisha, gundi zikabaki. Gundi ya Aerolite iliunganisha mbao za ndege ya Mosquito, na ile ya Redux ikaunganisha chuma kwa chuma bila ribiti. Kampuni ya Ciba ya Uswisi iliinunua Aero Research kwa ajili ya ujuzi huo, na Duxford ikawa mahali pa kutengeneza vitambaa vilivyonyweshwa resini kiwandani, kazi inayofanywa hapo mpaka sasa chini ya kampuni ya Hexcel. Uzi umebadilika mara kadhaa katika kijiji kilekile, lakini elimu ya resini haikukatika.

Vita hivyohivyo ndivyo vilivyokipa kioo nafasi yake. Nyuzi nyembamba za kioo zilipatikana katika maabara za Owens-Illinois, Marekani, mwaka 1932, na kampuni ya Owens-Corning Fiberglas ikaundwa mwaka 1938. Wakati uleule kukapatikana resini za poliesta zinazoganda bila shinikizo kubwa, kwa kutiwa kigandishi tu. Ghafla mashine ghali za kubana hazikuhitajika. Mtu mwenye kalibu, brashi na ndoo aliweza kuunda kitu kikubwa kama mashua. Jeshi lilihitaji vifuniko vya rada, kwa maana mawimbi ya rada hayapiti katika chuma, na mwaka 1944 ndege ya mafunzo yenye kiwiliwili cha kioo na poliesta ilirushwa Wright Field, Ohio. Baada ya vita zikaja boti, matangi, mabafu, na mwaka 1953 gari la Corvette, ambalo toleo lake la kwanza lilikuwa magari 300 tu yenye bodi zilizolazwa kwa mikono. Boti za faiba zinazovuka mikondo ya Lamu, Pemba na Mafia ni uzao wa njia hiyohiyo.

Ufanisi huo wa kibiashara ulikuwa na gharama ambayo vitabu vingi huipita haraka. Kipimo kilichokuwa kiwandani kilirudi mkononi mwa mpaka brashi. Kitambaa kilichonyweshwa kwa vipimo na kubanwa vizuri huwa na nyuzi karibu asilimia 60 ya ujazo wake. Mkeka wa kioo uliopakwa kwa brashi mara nyingi hubaki na kioo karibu asilimia 30 tu ya uzito, na sehemu iliyobaki ni resini, pamoja na viputo vya hewa ambavyo hakuna aliyevihesabu. Viputo hivyo si kasoro ya macho tu. Ndivyo vinavyotoa nafasi ya tabaka kubanduka, na ndivyo vinavyokusanya maji. Tena, kioo chenyewe kilionyesha udhaifu usiotarajiwa: vipande vya mwanzo vya kioo na poliesta vilipoteza sehemu kubwa ya nguvu zake vikikaa majini, kwa kuwa maji yalipenya kwenye mpaka wa uzi na resini yakautenganisha. Dawa yake haikuwa kioo kingine. Wakemia walibuni, kati ya miaka ya 1940 na 1950, viunganishi vya silani, ambavyo upande mmoja hushika kioo na upande wa pili hushika resini. Uzi ukapakwa kiunganishi hicho kabla ya kufumwa. Kioo tunachokisifu leo kwa kuvumilia bahari kilifundishwa kuivumilia.

Kaboni ilirudia somo hilohilo kwa gharama kubwa zaidi. Katikati ya miaka ya 1960 William Watt, Leslie Phillips na William Johnson, watafiti wa taasisi ya serikali ya Uingereza huko Farnborough, walipata namna ya kuzalisha nyuzi za kaboni imara sana, baada ya Akio Shindo wa Osaka kuonyesha njia miaka michache kabla. Nyuzi za kwanza zilikuwa na nguvu za kushangaza zikipimwa peke yake, lakini hazikushikana vizuri na resini, na ikabidi uso wake utibiwe kwa oksijeni kwanza. Kampuni ya Rolls-Royce iliamua kutumia kaboni, chini ya jina la Hyfil, kwa mapanga ya mbele ya injini yake mpya ya RB211. Hesabu zote za uzito zilipendeza. Mwaka 1970 mapanga hayo yalishindwa jaribio la kugongwa na ndege wa porini, jaribio ambalo hufanywa kwa kuirushia injini kuku mfu kwa kasi. Tabaka zilibanduka na panga likavunjika. Kampuni ikarudi kwenye titani, na tarehe 4 Februari 1971 ikatangazwa kufilisika. Haitakuwa haki kuyalaumu mapanga peke yake, kwani gharama za injini nzima zilikuwa zimeshapita mkataba. Lakini kwa miaka mingi waliofanya kazi hii waliambiwa kwamba kaboni haifai kukaa mbele ya injini. Mwaka 1995 injini ya GE90 ya kampuni ya General Electric ilianza kubeba abiria ikiwa na mapanga ya kaboni, na hadi leo inaruka. Nini kilibadilika? Uzi uliboreshwa, ndiyo. Badiliko kubwa, hata hivyo, lilikuwa resini ya epoksi iliyotiwa vitu vya kuipa ustahimilivu isipasuke kama kioo, tabaka zilizopangwa kwa hesabu, na ukingo wa titani mbele ya panga.

Hapo ndipo kitambaa kilichonyweshwa kabla kilipopata heshima yake. Epoksi hupakwa kiwandani kwa mashine mpaka hatua ya B, kwa kiwango kinachopimwa kila mita. Kitambaa hufungwa na kuhifadhiwa kwenye jokofu, kwa kawaida nyuzi joto 18 chini ya sifuri, kwa sababu resini haiachi kuiva hata ikiwa imetulia. Kila saa kinayokaa nje ya jokofu huandikwa, na kikipitisha muda wake hutupwa hata kama kwa macho ni kizima. Mafundi hukikata, hukilaza kwa kufuata mwelekeo wa nyuzi uliochorwa, hukifunika kwa mfuko na kufyonza hewa, kisha kalibu nzima huingizwa ndani ya otoklevu, tanuri lenye shinikizo la karibu angahewa 7, ambamo hupashwa hadi nyuzi joto 180. Shinikizo hulazimisha viputo vilivyosalia kusinyaa. Wanaokisifu kitambaa cha kaboni mara chache hulitaja jokofu wala daftari la saa, lakini bila vitu hivyo viwili hakuna mhandisi ambaye angethubutu kusaini. Boeing 787 iliyoanza kubeba abiria mwaka 2011 ni nusu nzima maunzi mseto kwa uzito. Kenya Airways ilipokea ya kwanza mwaka 2014 na Air Tanzania mwaka 2018, kwa hiyo wasafiri wetu wanakaa ndani ya kitambaa kilichoiva kila wanapopanda ndege hizo. Mwaka 2013 ndege ya aina hiyo ya Shirika la Ndege la Ethiopia iliwaka moto ikiwa imeegeshwa Heathrow, bila abiria ndani. Moto ulianzia kwenye betri ya kifaa cha kutoa ishara za dharura. Wachunguzi wa Uingereza walieleza kwamba resini ya gamba la ndege ndiyo iliyoupa moto ule chakula cha kuendelea kuwaka polepole. Hata katika ajali, swali lilikuwa la resini. Ndege ilitengenezwa na ikarudi kazini.

Mtu anaweza kupinga kwamba uzi ndio unaobeba mzigo, na hesabu ziko upande wake. Uzi wa kaboni wa kawaida ni mgumu kupinda takriban mara tatu kuliko wa kioo, na hakuna resini itakayoufanya mkeka wa kioo kuwa bawa la 787. Nakubali bila masharti. Uzi huweka dari ya nguvu. Lakini dari si mahali ambapo kitu kipo. Ni mahali kinapoweza kufika. Mapanga ya RB211 yalikuwa na dari ya juu sana na hayakuikaribia, wakati gia za turubai za miaka ya 1920 zilikuwa na dari ya chini na zikaifikia yote. Historia ya uzi hutuambia kilichowezekana. Iliyobaki, yaani kwa nini kitu kile kilivunjika na hiki hakikuvunjika, imo katika kipimo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwa kuwa linatoka kwa wenye kazi yenyewe. Boti nyingi zilizopakwa kwa brashi zimedumu miongo, bila jokofu wala otoklevu. Mfano mkubwa ni HMS Wilton, manowari ya kusaka mabomu iliyoingia kazini mwaka 1973, ya kwanza duniani ya ukubwa wake kuwa na kiwiliwili chote cha kioo na poliesta. Ililazwa kwa mikono huko Southampton. Ilitumikia jeshi zaidi ya miaka 20, na kiwiliwili chake kikageuzwa klabu ya wanamaji wa tanga huko Essex. Je, haivunji hoja? Naona inaitia nguvu. Wajenzi wake walikuwa na amri ya jeshi la majini nyuma yao: majaribio marefu kabla ya ujenzi, wafanyakazi waliofunzwa, na vipimo vilivyoangaliwa na wakaguzi. Waliirudisha nidhamu ya kipimo bila kuondoa brashi. Ndivyo pia kwa boti za faiba za kwetu. Zile zinazodumu zimetoka kwa mafundi wanaopima kigandishi, wanaokausha kitambaa na kuepuka kupaka wakati unyevu wa masika umejaa hewani. Zile zinazotoa malengelenge baada ya miaka michache zilitumia kioo hichohicho na poliesta hiyohiyo.

Pingamizi la tatu ndilo linalotuhusu moja kwa moja: nyuzi za mimea hunywa maji, huvimba, huoza, na kila shina hutoa singa tofauti na jirani yake. Yote ni kweli. Lakini Ujerumani Mashariki, ilipokosa bati kwa sababu ya vikwazo vya Magharibi, iliunda bodi za gari la Trabant kwa taka za pamba zilizobanwa na resini ya fenoli. Tangu 1957 hadi 1991 magari takriban milioni 3 ya namna hiyo yalitoka Zwickau, yakalala nje kwenye mvua na theluji, na bodi zake zilishinda kutu iliyokula chuma kilichokuwa chini yake. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Daimler-Benz ilitia singa za mkonge pamoja na kitani, zikiwa zimeshikwa na epoksi, katika vibao vya ndani ya milango ya magari yake. Na tukumbuke kwamba kioo nacho kilianza kwa kushindwa na maji. Mkonge ukioshwa kwa kostiki soda hupoteza nta na uchafu unaozuia resini kushika, na viunganishi vya silani hufanya kazi juu yake pia. Ulichokosa kwa sehemu kubwa ni ile miaka ya utafiti wa uso wa uzi ambayo kioo na kaboni vilipewa na majeshi ya nchi tajiri.

Mkonge ulifika Tanga mwaka 1893, Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida na 62 tu ikapona. Kutoka miche hiyo michache nchi ilifikia kuuza zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1960, kabla kamba za plastiki hazijaangusha bei. Tangu hapo mipango mingi ya kuufufua imepimwa kwa hekta zilizopandwa na marobota yaliyosafirishwa. Kwa ushahidi wa historia hii, hiyo ni kupima upande usio na upungufu. Uzi tunao. Wanaosimamia zao hili, serikalini na katika mashamba, waweke fedha katika maabara ya resini: watu wa kupima unyevu wa singa, kutibu uso wake, kuinywesha hadi hatua ya B na kuandika kila matokeo. Kazi hiyo ifanyike Tanga na Mlingano, mkonge unakolimwa, kabla robota halijafika bandarini.